Ukichagua akiolojia chuoni, shika na fani ya pili

Matokeo ya kidato cha sita yakitoka, mazungumzo huwa yaleyale katika nyumba nyingi za Hai, chini ya Mlima Kilimanjaro. Mtoto alisoma tahasusi ya HGL au HGK, yaani historia, jiografia na lugha, amefaulu, ualimu hautaki, sheria ina ushindani mkubwa, na kwenye orodha ya programu za Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ameona neno akiolojia. Limemvutia. Baba anauliza atakula nini. Mama anauliza kama ndiyo ile kazi ya kufukua makaburi. Mjomba aliyewahi kupeleka wageni Ngorongoro anasema hizo ni kazi za Wazungu. Makala hii ni ya huyo kijana, na ya wakubwa wanaokaa naye kushauriana.

Jibu langu nalitoa mapema ili asiye na muda aishie hapa: kama unaipenda, isome, lakini usiisome peke yake. Akiolojia ni fani mtambuka. Maswali ni yake, ila njia za kuyajibu inaziazima kwa majirani: jiolojia, biolojia, jiografia, historia, isimu, kemia, hata sheria. Uzuri wake umo humo, na mtego wake pia. Mwanafunzi anaweza kumaliza miaka mitatu akiwa ameonja kila chungu bila kushiba hata kimoja. Kwa hiyo ushauri wote utakaofuata unazunguka jambo moja: kabla mwaka wa pili haujaisha, uwe umechagua fani moja ya jirani na kuing'ang'ania mpaka watu wakujue kwayo.

Wazee watasema mshika mawili moja humponyoka. Wana haki kusema hivyo juu ya biashara. Katika somo hili anayeshika moja tu ndiye anayeponyokwa, na nitaonyesha kwa mfano wa kitu kilicho karibu na nyumbani.

Panda na njia ya Masama kutoka Kwa Sadala. Ukishaacha nyuma bodaboda na mikungu ya ndizi ya sokoni, haichukui muda kukutana na mfongo, mfereji wa jadi wa kumwagilia mashamba. Pengine umeuruka tangu utotoni ukienda shule. Sasa jiulize: mfongo huu ulichimbwa lini?

Ukianza na mzee wa ukoo unaosemekana kuuchimba, atakutajia jina la mwanzilishi na kukuhesabia vizazi. Hiyo ni historia simulizi. Ina kanuni zake, kwa sababu pale maji yanapogombewa, nasaba nazo hurefuka. Mzee wa ukoo wa pili, wa upande wa pili wa korongo, atakupa hesabu nyingine, na utatakiwa kujua namna ya kuzipima hesabu mbili bila kumvunjia heshima yeyote. Ukitaka maandishi, utakutana na wasafiri wa karne ya 19. Mwingereza Harry Johnston, aliyeishi Moshi mwaka 1884 katika nchi ya Mangi (mtawala wa Kichagga) Rindi, aliandika juu ya mifereji ya maji aliyoikuta. Kwake unapata uhakika kwamba wakati huo mifongo ilikuwepo. Ilianza lini, hasemi.

Basi unarudi ardhini. Kwenye banio na mahali mkondo unapopunguza mwendo, tope limejikusanya tabaka juu ya tabaka. Ndani ya tope unaweza kukuta vipande vya mkaa, na mkaa hupimwa umri kwa kaboni 14. Mchanga nao una njia yake: maabara inaweza kukadiria ni lini chembe zake zilionja mwanga wa jua kwa mara ya mwisho kabla ya kufukiwa. Hiyo ni fizikia. Kisha kuna mwinuko. Mfongo mrefu unaoteremka polepole ukizunguka kilima ulipimwa na mtu asiyekuwa na darubini ya mpimaji, na ili uelewe alivyofanya inakubidi uchore ramani yenye vimo sahihi, na hapo jiografia inaingia. Maji yalikuwa ya kumwagilia nini? Ulezi? Migomba? Mgomba unaolimwa hauachi mbegu, na shina lake huoza lote. Kinachobaki ni chembe za silika zisizoonekana kwa macho, faitolithi, ambazo mmea huzijenga ndani ya majani yake na ambazo hukaa udongoni maelfu ya miaka. Huko Nkang, Kamerun, watafiti walizikuta faitolithi za migomba katika mashimo yenye umri wa takriban miaka 2,500, na ubishi juu ya matokeo hayo haujaisha mpaka leo. Anayeweza kuingia katika ubishi huo ni yule anayejua botania na hadubini, hata awe hodari wa kuchimba kiasi gani.

Kwa kulinganisha, nenda Engaruka, wilayani Monduli, chini ya ukuta wa Bonde la Ufa. Pale kuna mabaki ya makazi na mashamba ya umwagiliaji yenye mipaka ya mawe, yaliyoenea takriban kilomita za mraba 20, na yaliyoachwa karne kadhaa zilizopita. Waliolima wameondoka. Hakuna mwenyekiti wa mfongo wa kumuuliza, na kila kitu lazima kisomwe kwenye mawe na udongo. Sisi huku mlimani tuna mifereji ambayo bado inapitisha maji na wazee ambao bado wanagawa zamu. Mtafiti kutoka mbali angelipa nauli kubwa kupata alichonacho mtoto wa Masama bure, pamoja na lugha ya kukielewa. Na bado mlima wetu haujachimbwa vya kutosha. Mnorwei Knut Odner alipita kwenye miteremko hii na kwenye milima ya Upare akitafuta vigae, akachapisha taarifa zake katika jarida la Azania mwaka 1971. Amini Mturi, aliyepata kuwa Mkurugenzi wa Mambo ya Kale, aliandika mwaka 1986 juu ya wafugaji wa kale wa Magharibi mwa Kilimanjaro. Hao utawasoma mwaka wa kwanza. Utashangaa jinsi rafu ya Kilimanjaro ilivyo nyembamba ukiilinganisha na ya Olduvai au ya pwani.

Mfano wa pili unauma zaidi. Tarehe 2 Machi 1900 Wajerumani walimnyonga Mangi Meli wa Old Moshi pamoja na wenzake. Simulizi za familia zinasema kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Ujerumani, na mjukuu wake, Mzee Isaria Meli, alidai kwa miaka mingi kirudishwe. Mwaka 2017 watafiti wa Berlin walianza kuchunguza asili ya mafuvu 1,135 yaliyochukuliwa kutoka iliyokuwa Afrika Mashariki ya Kijerumani. Septemba 2023 walitangaza kwamba mafuvu matatu yamelinganishwa kwa vinasaba na ndugu walio hai hapa Tanzania, na moja lilitambuliwa kuwa la akida, mshauri wa Mangi Meli. Fuvu la Meli mwenyewe halikuwa limepatikana.

Hebu hesabu fani zilizokutana juu ya fuvu moja. Kuna aliyesoma mwandiko na namba zilizopachikwa juu ya mfupa pamoja na daftari za makumbusho, kwa Kijerumani cha zamani. Kuna aliyeuchunguza mfupa wenyewe kujua umri na jinsia. Kuna mtaalamu wa vinasaba. Kuna aliyekwenda kukaa na familia mlimani, kueleza kinachotafutwa na kuomba ridhaa kabla ya kuchukua sampuli ya mate. Na baada ya yote kuna mazungumzo ya kisheria na kidiplomasia ya namna ya kurudisha mabaki hayo. Sioni kwa nini kazi hizo zote zifanywe na watu wa Berlin. Kijana wa Old Moshi aliyesoma akiolojia na kuongeza Kijerumani cha kusoma nyaraka angeanza akiwa mbele ya wengi. Kuna maandishi mengi ya wamisionari juu ya Wachagga yaliyobaki katika lugha hiyo, mojawapo kitabu kinene cha Bruno Gutmann juu ya sheria za Wachagga, kilichotoka mwaka 1926.

Wa tatu ni wa kuchekesha kidogo, lakini nadhani ndio unaoonyesha vizuri fani hii inavyofikiri. Mwaka 1976, huko Laetoli, kusini mwa Olduvai, kundi la Mary Leakey lilikuta nyayo za ajabu katika eneo lililopewa jina la Site A. Baadaye wakapata nyingine, zilizohifadhiwa vizuri zaidi, za viumbe waliotembea kwa miguu miwili miaka milioni 3.66 iliyopita, na dunia nzima ikazitazama hizo. Zile za kwanza zilisahauliwa, baada ya mtu mmoja kupendekeza kwamba huenda ni za dubu. Zikakaa miaka 40. Ili kulimaliza suala, mtafiti mmoja wa Marekani, Ellison McNutt, alikwenda kwenye kituo kinachotunza watoto wa dubu, akawafanya watembee wima juu ya tope na kupima nyayo zao. Mwaka 2019 timu aliyokuwemo Mtanzania Charles Musiba ikazifukua upya nyayo za Laetoli, na mwaka 2021 jarida la Nature likachapisha matokeo: hazikuwa za dubu. Swali la akiolojia lilijibiwa kwa kumsimamisha dubu kwenye matope. Ukiipenda habari hiyo, somo hili litakufaa. Ukiiona ni upuuzi, jaza programu nyingine bila kinyongo.

Tuje kwenye uchaguzi wenyewe.

Kufundishwa akiolojia katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kulianza mwaka 1985 ndani ya Idara ya Historia. Kabla ya hapo Mtanzania aliyetaka kuisoma alikwenda nje. Walimu waliokuja kuibeba fani hii nchini kila mmoja alikuwa na nguzo yake. Felix Chami alijikita kwenye vyungu na biashara ya kale ya pwani, Bertram Mapunda kwenye uyeyushaji wa chuma Ufipa, Audax Mabulla kwenye Zama za Mawe na michoro ya miambani, na Fidelis Masao kabla yao kwenye michoro ya Kondoa. Hukuti hata mmoja aliyejulikana kwa kujua kila kitu. Liangalie hilo kwa makini, kwa sababu orodha ya kozi za mwaka wa kwanza inaweza kukudanganya ukadhani unatakiwa uwe bingwa wa zote.

Namna ninavyopendekeza uchague: mwaka wa kwanza onja. Soma kila kozi kwa bidii, uangalie ni ipi inayokufanya usahau kula. Mwaka wa pili chagua moja. Kwa kijana wa HGL asiyeipenda hesabu, wepesi ni kukimbilia historia. Ni njia halali, lakini ndiyo iliyojaa watu. Mimi ningemsukuma kwenye ramani za kompyuta. Programu ya QGIS ni ya bure, inakubali kompyuta ya kawaida, na aliyeijua vizuri anaitwa kazini hata na watu wasiojua akiolojia ni nini: halmashauri, miradi ya maji, mashirika ya misitu. Aliyesoma CBG yuko kwenye nafasi ambayo wengi hawaioni. Mifupa ya wanyama, mimea ya kale na udongo vinamtaka mtu mwenye biolojia na kemia, na wanafunzi wa namna hiyo ni wachache katika somo hili. Mtoto wa PCB aliyekosa nafasi ya udaktari asiione akiolojia kuwa ni kuanguka. Mtu anayeweza kutofautisha mfupa wa mbuzi na wa kondoo kwa kuutazama ana ujuzi ambao wahitimu wengi hawana.

Takwimu usizikimbie. Najua sababu ya wengi kuchukua HGK ni kuikwepa hesabu, na chuoni watakutana nayo tena kwa mlango wa nyuma. Ukiokota vigae 3,000 kwenye shimo moja, lazima uvihesabu, uvipange kwa aina, useme tofauti kati ya tabaka hili na lile ni ya kweli au ni bahati. Kozi moja ya takwimu iliyosomwa vizuri itakuokoa kwenye tasnifu ya mwaka wa tatu, wakati wenzako wanatafuta mtu wa kuwafanyia kwa malipo. Ikiwa ratiba inaruhusu kozi za hiari kutoka idara nyingine, zichukue hukohuko kwenye jiolojia, jiografia au takwimu. Usizitumie kutafuta alama za bure.

Na kigae chenyewe ujifunze kukisoma kwa mikono. Kishike. Tazama kwanza kama ni kipande cha mdomo, cha bega au cha kitako, kwa sababu mdomo ndio unaotaja umbo la chungu. Pitisha kidole juu ya nakshi. Kisha geuza uangalie pale kilipovunjika: ukiona nje ni kwekundu na katikati ni kweusi, moto haukuchoma mpaka ndani, au haukukaa muda mrefu. Ukiona chembe za mchanga, mfinyanzi aliuchanganya udongo, au aliuchukua mahali penye mchanga, na mtu wa jiolojia anaweza kukusaidia kupatafuta mahali hapo. Vyungu vya aina ya Kwale, vya karne za mwanzo baada ya Kristo, vina midomo iliyokatwa kwa pembe pembe. Vile vya pwani vya karne kadhaa baadaye vina mistari iliyochorwa kwa pembetatu. Ukishazoea hutavisahau, na hakuna kitabu kitakachokufundisha hilo kuliko trei la vigae vichafu na brashi ya meno.

Kazi ya uwandani itakuonyesha kama unaiweza au huiwezi. Utaamka saa kumi na moja. Utapiga magoti siku nzima na mwiko wa fundi ukikwangua udongo sentimita chache kwa zamu, mwenzako akichekecha, mwingine akiandika. Anayeandika ndiye muhimu kuliko wote, ingawa kila mtu hukimbilia mwiko. Kitu kikishatolewa ardhini hakirudi mahali pake, na kilichobaki ni daftari, michoro na picha. Mwandiko wako ukiwa mbaya, urekebishe sasa. Beba kofia, maji, dawa zako, na viatu vilivyokwisha kuzoea miguu. Binti asikubali kuambiwa kwamba kambi si mahali pake: nyayo za Laetoli ni kazi ya kambi iliyoongozwa na mwanamke, Mary Leakey, na fuvu la kale la Zinjanthropus la mwaka 1959 liligunduliwa na huyohuyo.

Jambo moja litakusumbua kijijini, ujiandae nalo. Ukionekana na kamba, kipimo na jembe, watu watasema unatafuta mali ya Mjerumani. Imani kwamba Wajerumani walifukia dhahabu na rupia kabla ya kukimbia imeharibu maeneo mengi ya kale, maana watu huchimba usiku kwa ramani za kuuziwa. Usicheke. Nenda kwanza kwa mwenyekiti wa kijiji na mtendaji, eleza unachofanya kwa Kiswahili cha kawaida, na mwalike mtu wa palepale aje kuona shimo. Ukimaliza, rudi useme ulichokipata, hata kama ni vigae vitatu na jino la ng'ombe.

Na usichimbe bila kibali. Hili nalirudia kwa vijana wenye hamasa. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863, na anayeruhusu uchimbaji ni Mkurugenzi wa Mambo ya Kale. Ukikuta kigae au shanga shambani kwa bibi, piga picha ukiweka sarafu pembeni kuonyesha ukubwa, andika mahali, kiache hapohapo, utoe taarifa. Kukibeba mfukoni ni kukifuta.

Sasa swali la baba. Ajira ni chache, na anayesema vinginevyo anakuuzia kitu. Nafasi za Idara ya Mambo ya Kale na Makumbusho ya Taifa hazitangazwi kila mwaka, na zikitangazwa zinagombewa. Mamlaka za hifadhi nazo zinahitaji watu wa namna hii, kwa kuwa Olduvai na Laetoli ziko chini ya Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro, na magofu ya Kilwa yanasimamiwa na TAWA, mamlaka ya wanyamapori. Halmashauri zina maofisa utamaduni. Atakayetaka kufundisha sekondari ajue kwamba shahada hii peke yake haimpi ualimu, atahitaji stashahada ya uzamili ya elimu juu yake.

Mlango ninaouona unafunguka ni tathmini ya athari. Barabara kubwa, bomba au bwawa haviwezi kuanza bila kuchunguza athari kwa mazingira, na wakopeshaji wa kimataifa hudai urithi wa utamaduni nao uchunguzwe. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, lina urefu wa kilomita 1,443, na wanaakiolojia waliitembea njia yake kabla ya mitambo. Hata ugunduzi mkubwa wa karibuni ulitoka kwenye tathmini ya namna hiyo. Nyayo mpya za Laetoli, zilizotangazwa mwaka 2016 na timu iliyokuwa na Masao na Elgidius Ichumbaki wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, zilionekana kwenye mashimo ya majaribio yaliyochimbwa kupima athari za makumbusho yaliyopangwa kujengwa pale, mita 150 tu kutoka kwenye nyayo za zamani. Kazi hizi huja kwa mkataba wa wiki au miezi. Anayeitwa ni yule anayeweza kutembea njia, kuchora ramani na kuandika ripoti inayoeleweka kwa muda uliopangwa. Ndiyo maana nasisitiza fani ya pili.

Utalii nao tusiudharau, hasa sisi tunaoishi chini ya mlima. Wageni wengi hupita Kwa Sadala kwenye gari wakitoka uwanja wa ndege wa KIA, vioo vimefungwa, wakienda kupanda mlima. Wakipelekwa kwenye mapango ya Wachagga Marangu, maelezo wanayopewa mara nyingi ni hadithi tupu. Mtu aliyesoma anaweza kuwaeleza mfongo, ulezi, masale na chuma cha Upare kwa ushahidi, na wakamlipa. Ila asome na hesabu za biashara.

Kwa mzazi nina maneno machache. Usimlazimishe mtoto kuacha kitu anachokipenda kwa ajili ya fani ambayo nayo haina ajira. Wahitimu wa biashara wanaotembea na bahasha Moshi mjini ni wengi. Muulize badala yake: nguzo yako ya pili ni ipi, na mwaka wa pili utakuwa umefika wapi nayo? Akishindwa kujibu, mpe wiki mbili akatafute jibu. Likizo mpeleke akaone Makumbusho ya Azimio au ya Elimu Viumbe pale Arusha, nauli haitishi. Kuhusu mkopo, Bodi ya Mikopo hupanga fani kwa vipaumbele, na za sanaa mara nyingi haziko mstari wa mbele, hivyo pigeni hesabu ya ada na malazi mkiwa mmekaa pamoja kabla ya kuthibitisha.

Na wewe kijana: majina ya programu na michanganyiko yake, akiolojia peke yake au pamoja na somo jingine, hubadilika kutoka mwaka hadi mwaka. Pakua mwongozo wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) wa mwaka huu, usome vigezo mwenyewe mstari kwa mstari, kisha ndiyo uende steshenari kujaza maombi. Usimwachie mtu wa steshenari akuchagulie.